Naomba ushauri: Rover P5B ya 1971 iliyofufuliwa, ninunue au nipite?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nipo Birmingham, na Jumamosi nilikwenda kutazama Rover P5B ya 1971, lile gari la saluni walilopanda mawaziri wakuu wa Uingereza. Thatcher mwenyewe aliingia Downing Street na moja mwaka 1979.

Muuzaji anasema imefufuliwa yote. Rangi inang'aa, dashibodi ya mbao unajiona sura, viti vya ngozi vinanukia. Injini ni V8 ya lita 3.5, gia otomatiki, na inanguruma taratibu kama mzee aliyeshiba. Nilishapenda kabla sijauliza bei, hilo ni kosa langu.

Sasa shida. Nilikuwa na sumaku mfukoni. Kwenye boneti ilinasa vizuri, ila chini ya mlango wa dereva ikateleza ikaanguka. Nahisi puti imepakwa juu ya kutu. Na rejeta ilikuwa na maji matupu ya kahawia, bila kulanti (dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu), wakati injini ile ni ya alumini na inalika kwa ndani.

Risiti za rangi anazo, picha za kazi ya kuchomelea hana. Nilipomuuliza akaanza kunisifia ngozi.

Kodi ya barabara haisumbui, gari limepita miaka 40 hivyo limesamehewa. Kinachonitisha ni bodi. Waliowahi kumiliki hizi: nimlipe fundi alipandishe alikague kwa chini, au maji ya kahawia peke yake yanatosha kuniondoa? Muuzaji anataka jibu Ijumaa.