ETI "BIBI ABAKI GARINI, TUTAMPIGIA PICHA"! Huyu bwana mtembeza watalii wa bandarini Unguja nani kamlea?

Naandika niko ghorofa ya tisa ya meli, kamba hazijafunguliwa, na mikono bado inanitetemeka.

Mliowahi kushuka na meli ya kitalii Unguja nyote mnamjua. Kofia ya kijani, miwani kaipandisha kwenye kipaji, karatasi kwapani, anahesabu watu kama anahesabu mbuzi wa Idi. Simtaji. Mnamjua.

Mama yangu ana miaka 76. Nyonga imepasuliwa mara mbili, anatembelea kiti cha magurudumu, ukimshika mkono anapanda ngazi tatu, nne, basi. Na kazaliwa Malindi. MALINDI HIYO HIYO, ukitoka geti la bandari ukipiga chafya kwao wanakwambia afya. Aliondoka msichana, tukazaliwa na kukulia Uingereza. Safari yote hii ya meli ni kwa ajili ya siku moja, ya leo.

Miezi minne napanga. Barua pepe nimewaandikia wenye ziara hadi vidole vikaota sugu. Nimepima kiti kwa tepu ya cherehani, sentimita 64, nikawatumia. Nimeuliza gari, nimeuliza ngazi. Jibu: "Ondoa shaka, ziara nyepesi, inawafaa wasiotembea sana." Nikalipa.

Asubuhi tunashuka, gari lenyewe kosta! Ngazi ya kwanza iko usawa wa goti langu, mlango mwembamba kama tundu la njiwa. Mama kapandishwa na watu watatu, mmoja anamsukuma kwa nyuma kama gunia la karafuu, na mama kashika buibui lake kwa mkono mmoja lisifunuke. Kiti kikafungwa kamba juu ya paa. Hilo nimelimeza.

Tukafika Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa. Watu wanashuka. Bwana kofia akaja dirishani. Hakumtazama mama. Akaniambia mimi, kwa Kiingereza, gari zima linasikia: bibi abaki garini, tutampigia picha.

TUTAMPIGIA PICHA. Mtu aliyekuwa akitumwa chumvi Darajani ana miaka saba, leo apigiwe picha za mji wake!

Mama akamjibu taratibu, Kiunguja kilichonyooka: "Mwanangu, picha n'nazo. Nimekuja kupaona."

Unajua alifanya nini? Alicheka. "Aaa, kumbe bibi Mswahili!" Akatoa simu akampiga picha MAMA. Ndani ya kosta. Kioo kimefungwa. Kisha akaondoka na kundi, tukakaa saa nzima na dakika arubaini, dereva kazima injini, joto la kuivisha mkate.

Na kinachoniunguza zaidi, mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha kwa kidole tulipokuwa tunarudi: ukitoka getini ukafuata Mizingani ni tambarare hadi Forodhani, kilomita moja haifiki. Unapita zahanati ya zamani yenye roshani za mbao, unapita Mtini kwenye ule mti mkubwa, unaliona Beit el-Ajaib, jumba la kale la sultani lililoporomoka upande Desemba 2020, unaingia bustanini. Hatukuhitaji gari! Ningemsukuma mwenyewe, bure, na mama angekuwa barabarani na watu wake anaamkiwa shikamoo. Miezi minne hakuna aliyenifungulia mdomo.

Lakini narudi pale pale. Tutampigia picha. Hivi mtu anayatoa wapi maneno haya?

Bin_Forodha: Kofia ya kijani na miwani kipajini? Namjua! Hana hata salamu yule. Pole sana, msalimie bi mkubwa.

Kaka_Mbagala: Mleta uzi unalala ghorofa ya tisa baharini halafu unalia kosta. Sisi tunaning'inia kwenye kosta kila asubuhi na magoti yetu mazima, hatujapigiwa picha hata moja.

Mleta uzi: Wewe mamako akiachwa kwenye kioo kama samaki wa maonyesho utacheka? SOMA TENA. Alimpiga picha yeye!

Nahodha_Mstaafu: Dada, ulikwama kwenye neno "nyepesi". Wanahesabu mwendo, ngazi hawahesabu. Mita mia mbili zenye ngazi thelathini wao ni nyepesi. Pale Mkunazini kwenyewe vile vyumba vya chini unashuka ngazi na kuinama. Siku nyingine uliza ngazi ngapi, gari lina ubao wa kupandishia kiti, choo kiko wapi, na wakujibu kwa maandishi. Na ushukuru hawakukupelekeni kisiwa cha Changuu kwenye makobe. Maji yakitoka boti inasimama mbali, watu wanashuka baharini na viatu mkononi. Siku za bamvua hata ngazi ya meli inasimama kama mnazi.

Mleta uzi: Asante mzee wangu. Haya ndiyo ningeambiwa tangu mwezi ule wa kwanza wa kupanga. Badala yake nimeambiwa TUTAMPIGIA PICHA.

Mama_Rotterdam: Afadhali wewe ulifika gati. Mimi na mume wangu na mkongojo wake, Santorini, Ugiriki. Meli inatia nanga nje, unashushwa kwa kiboti kinachoruka mawimbi, wenye viti wanaambiwa leo bahari chafu bakini. Ukivuka, mji uko juu ya jabali: panga foleni ya gari la kamba au panda ngazi karibu 600 pamoja na punda na mavi yao. Tulikaa chini tukanywa soda ya bei ya mbuzi.

Mwana_Mvita: Njooni Mombasa. Baba yangu ana kiharusi, tukaahidiwa Fort Jesus "njia safi". Ngome ya Wareno ya 1593, ilijengwa adui asiingie, na babangu hakuingia.

Bin_Forodha: Mombasa hamna mji wa kutembeza watu, mna joto tu.

Mwana_Mvita: Na nyinyi mna nini, vichochoro viwili na papasi mia wanaowaganda watalii?

Mleta uzi: Jamani, uzi wa mama huu. Meli inatoka sasa hivi. Nimemsogeza kwenye reli, ananionyesha paa la kwao, nalitafuta silioni, yeye analiona.

Kaka_Mbagala: Hapo umenigusa dada. Nisamehe la mwanzo.

Bin_Forodha: Angalau urojo mlikula?

Mwana_Mvita: Urojo ni uji wa manjano. Kuleni viazi karai.

Bin_Forodha: Uji?! Rudia hilo neno.