Grini za pwani: kutoboa, kupanda paspalamu, au kurudi kwenye mchanga wa oili?

Kaskazi9:
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kamati ya uwanja ya klabu ndogo ya gofu ya mashimo 9 huku pwani. Grini zetu (sehemu za nyasi fupi zenye shimo) ni ukoka wa zamani wa aina ya Tifdwarf, na maji ni ya kisima, yana chumvi. Februari jua likiwaka, grini zinatoka mabaka ya kahawia. Masika ikishuka, maji yanatuama juu. Mashindano yetu makubwa ni Agosti. Mezani kuna njia tatu: kutoboa grini na kujaza mchanga, kung'oa ukoka na kupanda paspalamu (nyasi zinazovumilia chumvi), au kurudi kwenye grini zisizo na nyasi, za mchanga uliochanganywa na oili chafu. Hela inatosha njia moja tu. Nyie mngeshika ipi?

FundiNyasi:
Mkuu, kabla ya kuchagua, chukua sepetu ukate kipande cha grini mbaya kuliko zote, sentimita 15 kwenda chini. Tazama mizizi imefika wapi. Ukikuta chini ya majani kuna tabaka nene la nyasi zilizokufa, au udongo mweusi unaonuka yai viza, basi hewa haipiti na maji hayashuki. Maji yasiposhuka, chumvi nayo inabaki pale pale kwenye mizizi. Paspalamu ukiipanda juu ya udongo huo huo, shida itakufuata.

Mimi ningetoboa. Tumia meno yenye uwazi yanayotoa vipande vya udongo, milimita 13, nafasi ya sentimita 5 kati ya tundu na tundu. Hapo umeondoa kama asilimia 5 ya eneo la juu, si haba. Jaza mchanga, kisha kila wiki mbili tatu nyunyiza tabaka jembamba la mchanga, milimita 1. Grini ya mita za mraba 500 inakula nusu mita ya ujazo kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo grini 9 ni mita 4 na nusu. Toboeni mwanzoni mwa masika, mvua za kwanza zikishailowesha ardhi. Mvua ni maji ya bure yasiyo na chumvi, itaisukuma chumvi chini kupitia matundu. Kama vipimo vya udongo vinaonyesha sodiamu nyingi, wekeni jasi kabla ya mvua.

Birdie_ya_Kusi:
Nakubaliana na sepetu, sikubaliani na masika. Mvua kubwa inafagia mchanga kwenye matundu na kushusha tope kutoka mwinuko. Ningesubiri mwisho wa Mei.

Na msiidharau paspalamu. Ocean Course ya Kiawah Island, Marekani, ilikochezwa PGA Championship ya 2021 (mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa), iko ufukweni kabisa na grini zake ni paspalamu. Inavumilia chumvi kuliko ukoka na haitaki naitrojeni nyingi.

FundiNyasi:
Dada, hoja ya tope ni ya kweli kwa grini zilizo bondeni. Hizo wazichimbie mfereji upande wa juu kwanza, au waziache hadi Mei. Zilizoinuka zitoboliwe mapema. Kuhusu paspalamu, hata yenyewe inahitaji chumvi ioshwe, na ukoka wa zamani lazima uuawe hadi mizizi, dawa zaidi ya mara moja, la sivyo unachomoza katikati ya nyasi mpya. Ukipanda vipandikizi, hesabu miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuchezea. Kwa Agosti hii ni kubana mno.

Mzee_wa_Bara:
Wanangu, grini za oili nimezicheza ujana wangu wote. Kedi, yaani mbeba vifaa, anaburuta gunia kusawazisha mchanga, unapiga pati (pigo la kuusukuma mpira shimoni), hakuna kukata wala kumwagilia. Kwa mahali pasipo na maji nazitetea mpaka kesho. Ila Kaskazi9, wewe una kisima. Oili chafu ikipenya kwenye mchanga wa pwani, unajua itakakoishia. Hiyo iondoeni mezani leo.

Kaskazi9:
Shikamoo mzee, imeondoka. Nimekata kipande grini ya 4: mizizi haifiki hata sentimita 5, na lile tabaka lipo. Nitapeleka kwenye kamati kutoboa, na grini ya mazoezi tuipande paspalamu tuione mwaka mzima kwa maji yetu haya haya. Swali la mwisho: mchanga wa ufukweni uko karibu, bei poa. Unafaa?

FundiNyasi:
Hapana. Una chumvi, umejaa vipande vya makombe, na mara nyingi chembe zake ni laini mno. Tafuta mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa, unaofanana na uliomo kwenye grini sasa, usije ukatengeneza tabaka jipya la kuzuia maji. Na uagizeni Februari. Masika ikikolea, malori yatazama kwenye feawei zenu, zile njia za nyasi za kuelekea kwenye grini.

Birdie_ya_Kusi:
Hilo la paspalamu kwenye grini ya mazoezi nimelipenda sana. Tupandishie picha kila mwezi, na vipimo vya chumvi ya kisima kama mnavyo.