Naombeni ushauri, hii misamiati ya gemu inanichanganya

Wadau habari zenu, niko hapa Kampala. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 12, amekuja kwangu likizo na nataka sana nicheze naye, sio kila mtu akae kona yake na simu, ila lugha ya gemu inanishinda.

Free Fire nimeelewa, ni batoroyo (battle royale), mnashuka na parashuti watu 50 kisiwani, mnaokota silaha, duara linabana mpaka ibaki timu moja, na PUBG ni hivyohivyo ila kawaida ni watu 100. Shida iko kwenye FPS. Mpwa wangu anasema ni gemu ya risasi ambayo unaona mikono na bunduki tu kama vile macho ni yako, sasa jana nafungua setingi nakuta FPS 30 na 60, naambiwa hiyo ni idadi ya picha kwa sekunde. Ni kweli neno moja lina maana mbili?

Halafu pingi, ile namba ya muda wa data kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi. Juzi usiku namlenga mtu, ile namba juu ya skrini ikaruka toka 80 mpaka 300 ikawa nyekundu, nikaganda, picha inarudi nishakufa. Hapo tatizo ni mtandao au simu yangu ya ramu GB 3?

Na RPG, zile za kukuza mhusika wako levo kwa levo, kwa anayeanza zinafaa? Nitajieni hata moja isiyokula bando tafadhali, dogo anarudi shule karibuni.