MREJESHO: Kinywaji cha protini kwa mama anayetibiwa saratani

Habari zenu wapendwa. Ni mimi niliyeuliza nimpe mama kinywaji gani chenye protini, maana kemotherapia ilimwachia vidonda mdomoni na chakula kigumu kilikuwa hakipiti. Asanteni sana kwa majibu.

Kilichomkubali ni maziwa yaliyochemshwa yakapoa, mtindi mzito, ndizi mbivu, kijiko kikubwa cha siagi laini ya karanga na vijiko viwili vya maziwa ya unga. Hayo ya unga ndiyo yaliyotusaidia hasa: yanaongeza protini bila kujaza glasi, na mtu asiye na hamu ya kula akiona glasi kubwa anakata tamaa kabla hajaonja. Anakunywa kikombe kidogo, kinachobaki kinarudi kwenye friji, baadaye anaendelea. Machungwa na nanasi tumeweka kando, yanachoma vidonda.

Aliyeshauri mayai mabichi, nakuomba sana usimpe mgonjwa. Kinga yake iko chini, na salmonela, bakteria wanaoweza kuwa kwenye mayai mabichi, inaweza kumlaza.

Mama anapenda kiwe cha baridi, kinamtuliza mdomo. Ila anayetumia oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemotherapia, asipewe baridi, dawa hiyo hufanya baridi imsumbue kooni na vidoleni. Unga wa protini wa kopo hatujaanza. Mtaalamu wa lishe anataka kwanza aone vipimo vya figo.

Uzito umeacha kushuka, namshukuru Mungu. Sasa utamu umeanza kumkinai. Kuna aliyewahi kutengeneza kisicho na utamu, labda cha parachichi?