Mjadala: bunduki ya masafa marefu ya kuundiwa na fundi, .22-250 au 6mm?

Mwenye Mada
Wadau, ubishi huu hauishi uwanjani, basi tuuweke wazi hapa. Kwa Wamarekani bunduki ya aina hii ni ya wanyama waharibifu: panya wa nyikani, koyote. Mtutu mzito, darubini kubwa, risasi ndogo yenye kasi. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo tunazungumzia karatasi na bamba la chuma, mita 300 hadi 500. Bunduki ni ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono kila risasi), mtutu wa inchi 26. Mtu anayeunda kutoka mwanzo achague kaliba gani, yaani ukubwa wa risasi na ganda lake, na kwa nini? Wa "yoyote ni sawa", mtatusamehe.

Mbio Kwanza
.22-250 Remington, wala sisiti. Kichwa cha risasi cha greni 55 (gramu 3.6) kinatoka kwa takriban mita 1,120 kwa sekunde. Ukiirekebisha bunduki igonge pale unapolenga kwenye yadi 200, kwenye yadi 300 risasi imeshuka kama sentimita 13 tu. Mateke yake ni madogo, kwa hiyo jicho linabaki kwenye darubini na unaona mwenyewe risasi imegonga wapi. Kaliba hii ilikuwa ya mafundi wa mitaani tangu miaka ya 1930 kabla Remington hawajaifanya rasmi 1965. Kitu kibaya hakidumu hivyo.

Upepo wa Ngong
Kaka Mbio, unapigania vita visivyokuwepo. Kushuka kwa risasi ni hesabu. Ukijua umbali, unahesabu kliki za darubini na mambo yamekwisha. Kinachokukosesha ni upepo wa ubavuni, maana huo unabadilika kati ya risasi na risasi.

Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa, shabaha iko kama mita 450, hewa ni ya Nairobi. Kichwa chako cha greni 55 kinasukumwa karibu nusu mita. Kichwa kirefu cha 6mm cha greni 105, kinachotoka polepole zaidi, mita 915 hivi kwa sekunde, kinasukumwa kama sentimita 30. Ukikosea kuusoma upepo kwa robo, wewe umetoka sentimita 12 au 13, mwenzako 7 au 8. Kwenye bamba la upana wa sentimita 20 ukilenga katikati, una sentimita 10 kila upande. Hesabu imalizie mwenyewe.

Na hizo ni za huku juu. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Peleka bunduki hiyo hiyo Mombasa, upepo ule ule utaisukuma zaidi. Majedwali yaliyochapishwa kwenye maboksi ya risasi mara nyingi ni ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayeyafuata neno kwa neno hapa Nairobi risasi zake zitapita juu.

Fundi wa Mitutu
Nyote mnataja majina ya kaliba kabla ya kutaja msokoto. Huko ni kununua kiatu kwa rangi.

Msokoto ni umbali ambao risasi inasafiri ndani ya mtutu hadi izunguke mara moja. .22-250 ya kiwandani kwa kawaida ina inchi 14. Huo unatuliza kichwa cha greni 55, pengine 60 chenye kitako bapa, na hapo ndipo mwisho. Tia cha greni 75, kinaanza kuyumba na kutoboa karatasi ubavu: badala ya tundu la mviringo unapata umbo la tundu la ufunguo. Ukiona hilo kwenye mita 100, usipoteze muda kukaza skrubu za darubini. Darubini haina kosa.

Kosa hili limewahi kuua kaliba nzima. 1955 Winchester walileta .243, msokoto wa inchi 10. Mwaka huo huo Remington wakaleta .244, 6mm vile vile, ganda (kifuko cha shaba kinachobeba baruti) zuri tu, ila walidhani watu watapiga vichwa vyepesi, wakaweka inchi 12. Wanunuzi walitaka pia cha greni 100 kwa swala wa huko. .243 ikauzika, .244 ikadorora. 1963 Remington wakaibadilisha jina kuwa 6mm Remington na kukaza msokoto hadi inchi 9, lakini wateja walikuwa wameshahama.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: chagua kichwa cha risasi, kichwa kikupe msokoto, ndipo utafute ganda la kukisukuma. Kwa 6mm ya greni 105 agiza inchi 8 au 7.5. Hewa nyepesi ya Nairobi inakusaidia kidogo hapo, risasi inatulia kirahisi kuliko pwani, lakini usiunde bunduki kwa kutegemea msaada huo.

Mbio Kwanza
Sawa, mzee. Basi naagiza .22-250 yenye msokoto wa inchi 8, napiga cha greni 80 nikitaka upepo, cha 55 nikitaka mbio. Mmebaki na hoja gani?

Fundi wa Mitutu
Piga hesabu ya mizunguko. Kasi ile ya kichwa cha 55 ndani ya msokoto wa inchi 8 ni zaidi ya mizunguko 330,000 kwa dakika. Kwenye inchi 14 ilikuwa kama 189,000. Vichwa hivi vyepesi vina gamba jembamba, vimetengenezwa vipasuke. Vikizidi 300,000 vingine vinapasuka angani. Utaona kimoshi cha kijivu njiani na karatasi haina tundu, nawe utaapa umekosa shabaha nzima. Bunduki ya msokoto wa inchi 8 ni ya vichwa vizito. Risasi za kiwandani za .22-250 nyingi ni za vichwa vyepesi, kwa hiyo unaunda bunduki ambayo dukani haina chakula.

Dada Shabaha
Ndugu zangu, mmeruka swali la mtutu utaishi muda gani. Ganda la .22-250 lina ujazo wa kama mara moja na nusu ya lile la .223, na moto wote huo unapita kwenye tundu la upana ule ule. Koo la mtutu, pale risasi inapoanza kushika mifereji ya msokoto, ndilo linaloungua. .223 hufika risasi 5,000 na kuendelea. .22-250 wengi huhesabu 2,000 hadi 3,000, na 6mm Creedmoor, moja ya kaliba za 6mm, ikipigwa mfululizo 1,500 hadi 2,000. Anayejifunza kusoma upepo anahitaji risasi nyingi. Mimi namwambia aanze na .223, msokoto wa inchi 8, kichwa cha greni 75 au 77. Ikiwa uwanja wake unaishia mita 300, hizo kaliba nyingine ni mapambo.

Halafu kuna karatasi. Cheti cha bunduki hapa Kenya kinataja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho. Kubadilisha kaliba si kubadilisha tairi. Ulizeni Bodi ya leseni kabla fundi hajagusa chuma, na kama mna mawazo ya kujipakia risasi, ulizeni hilo pia kabla ya kuagiza baruti hata kopo moja.

Mgeni Kidogo
Samahani kuingilia. Shambani nyani wanamaliza mahindi. .223 inatosha?

Dada Shabaha
Hapana, na si suala la kaliba. Ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nyani ni wanyamapori chini ya sheria ya 2013, cheti chako hakikupi ruhusa ya kuwapiga.

Fundi wa Mitutu
Dada yuko sahihi kuhusu .223 isipokuwa jambo moja. Kitako cha ganda lake ni milimita 9.6. Cha .22-250, .243, 6mm BR, 6.5 Creedmoor na .308 ni 12. Uso wa boliti hufuata kitako. Anayeanza na boliti ya milimita 12 anaweza baadaye kufunga mtutu mwingine kwa mwili ule ule, cheti kikiruhusu. Wa .223 atahitaji boliti nyingine.

Kwa mita 500 na mwanzo mtupu, mimi ningetoa 6mm BR: ganda fupi, moto kiasi, koo linadumu kuliko Creedmoor. Ubaya ni magazini. Ganda fupi nene huwa linakwama likipanda, kwa hiyo wengi hulisha moja moja kwa mkono. Anayetaka magazini isiyosumbua achukue 6mm Creedmoor na akubali mtutu kuisha mapema. .243 inafanya kazi ile ile, ila ganda lake ni refu, na kwenye magazini fupi kichwa kirefu kinalazimika kuzama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti.

Upepo wa Ngong
6.5 je?

Fundi wa Mitutu
Nzuri, mtutu hudumu zaidi. Ila mateke yanaongezeka na inakuwa vigumu zaidi kuona risasi yako ikigonga. Kwa mita 800 ningeichagua. Kwa 500, hapana.

Mwenye Mada
Fundi, mtu akija kwako umwombe nini kwanza?

Fundi wa Mitutu
Maganda mawili yasiyo na baruti wala fataki (kiwashio), yenye kichwa kile kile atakachopiga, yamekazwa kwa urefu unaoingia kwenye magazini yake. Hayo ndiyo yananipa urefu wa koo. Akija na jina la kaliba peke yake nitachimba koo la kawaida, na huenda lisilingane na kichwa chake kirefu. Na siku ya kuchukua bunduki aombe kuona vipimo viwili kwenye chemba (mahali ganda linapokaa): boliti ifunge kwenye kile cha kupita, igome kwenye kile cha kukataa. Ikifunga kwenye vyote viwili, asitoke nayo.