Mifumo imezidi kazi: tupunguzeje bila kusimamisha biashara?

Mdau wa Njiro:
Wakuu, habari za kazi. Kampuni iko Arusha: loji Karatu na Serengeti, magari ya watalii, na shamba la kahawa upande wa Moshi. Tumehesabu haraka haraka, mifumo ya kompyuta imefika 60 na ushee. Uhasibu peke yake ni mitatu: shamba wana Tally, loji QuickBooks, ofisi kuu wana wa kwao. Mishahara miwili. Bodi imetoa malengo mawili: booking za moja kwa moja ziongezeke, na hesabu za mwezi zifungwe ndani ya siku 5 badala ya 20. Kuna mshauri anasema tutupe yote tununue ERP moja (mfumo mmoja wa kuendesha kazi zote za kampuni). Tuanzie wapi?

Fundi wa Sakina:
Huyo mshauri mwulizeni kwanza kama ndiye muuzaji wa hiyo ERP.

Orodha yenu haijakamilika, mkuu. Ukiuliza mameneja tu utapata nusu. Chukua taarifa za benki na za kadi za kampuni za miezi 13, maana leseni ya mwaka hukatwa mara moja, na tarehe ikisogea kidogo miezi 12 inaikosa. Linganisha na programu zilizopo kwenye seva na kompyuta. Kisha kaa na karani wa stoo na mtu wa mapokezi, uone wanafungua nini tangu asubuhi. Hapo ndipo utakutana na faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), aliyeliandika alishaacha kazi, na ndilo linalopanga magari yote ya kesho. Hilo nalo ni mfumo, liandike.

Kila mfumo uwe na: mwenyewe (mtu mmoja, si idara), kazi yake, watumiaji walioingia siku 90 zilizopita, gharama ya mwaka, tarehe mkataba unapojihuisha, na mifumo inayopeana nayo data. Hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo itakayowaumiza siku ya kuzima.

Kibosho Kati:
Naongezea. Usipange kwa mifumo, panga kwa kazi. Andika kazi za biashara 30 hivi: kupokea booking, kugawa gari na dereva, kununua vyakula vya loji, kupokea na kupima kahawa, kulipa vibarua, kufunga hesabu. Mbele ya kila kazi weka mifumo inayoifanya. Penye mitatu pana cha kupunguza. Pasipo na hata mmoja, na kazi yenyewe iko kwenye malengo ya bodi, ndipo hela iende.

Halafu alama 1 hadi 5, mara mbili: thamani kwa biashara watoe wenye kazi, hali ya kiufundi watoe IT, bila kuoneshana. Gartner (kampuni ya utafiti wa teknolojia) wana makundi manne ya kupangia mifumo kwa alama hizo, yanatosha: vumilia (uache ulivyo), wekeza, hamisha, ondoa. Shida ni kwamba kila meneja atajipa 5. Badili swali: "Mfumo huu ukizimwa Jumatatu hadi Jumatano, kazi gani inasimama, na nani atapiga simu?" Akianza kujiumauma, andika 2.

Mdau wa Njiro:
Shukrani sana. Kwa hiyo kwenye uhasibu tuue Tally au QuickBooks?

Mama Leja:
Hapo hamjafika, mwanangu. Hesabu zikifika tarehe 20, mara nyingi programu haina kosa. Dizeli shambani iko akaunti 5210, loji 6040, ofisi kuu imo kwenye "matumizi mengineyo". Lazima mtu akeshe na Excel kuoanisha. Tena loji inatoza kwa dola, shamba linalipa kwa shilingi, na kila ofisi ina kiwango chake cha kubadilishia. Unganisheni orodha ya akaunti na kiwango hicho kabla ya kuchagua programu yoyote.

Mkishachagua, hamieni siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Hamisheni salio la kuanzia na ankara ambazo hazijalipwa, moja moja. Historia ibaki ya kusomwa tu. Miezi miwili fungeni hesabu pande zote mbili, na tofauti yoyote itafutwe kabla ya kuzima. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo toeni leja kwa CSV (faili la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel) na ankara kwa PDF. Bakapu pekee haitoshi: leseni ikiisha hamna cha kuifungulia. Na mfumo unaotoa risiti za TRA (Mamlaka ya Mapato) usiguswe mpaka mpya utoe risiti inayokubalika.

Kijenge Data:
ERP si mbaya jamani, kwa manunuzi, stoo na uhasibu inafaa. Ila msiburuze mauzo ya baa na mgahawa wa loji ya Serengeti kwenye kitu kinachohitaji intaneti muda wote. Mtandao ukikatika saa mbili usiku, bili za wageni zitaandikwa kwenye karatasi. Mfumo huo wa mauzo uwekeni kwenye "vumilia", mradi unafanya kazi bila mtandao na kutuma data ukirudi.

Fundi wa Sakina:
Kweli kabisa. Lakini seva yoyote yenye Windows Server 2012 R2 isivumiliwe, masasisho yake ya kawaida ya usalama yaliisha Oktoba 2023.

Kuzima nako kuna utaratibu. Kwanza zuia watumiaji wapya, kisha uwe wa kusoma tu kwa siku 60, mwisho wa mwezi upite mara mbili, ndipo mtagundua ripoti iliyokuwa ikijituma yenyewe usiku. Mfumo wa booking una nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu: mwenye mfumo athibitishe kwa maandishi kwamba amezifuta nakala hizo.

Mdau wa Njiro:
Na mikataba, nani avunje, IT au manunuzi?

Kibosho Kati:
Aliyesaini. Anzeni na inayojihuisha ndani ya miezi minne ijayo, kwani mingi hudai notisi ya siku 30 hadi 90. Ikipita siku moja, mmeshalipia mwaka mwingine.