Mvinyo wa asali umegoma kwenye 1.050: niukeneke au nisubiri?

Mzinga_Mmoja:
Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijaamua kwa pupa. Siku 25 zilizopita nilikoroga kilo 3.5 za asali na maji hadi zikatimia lita 10, nikatia kijiko kimoja cha hamira ya mikate. Haidromita, kile kipimo cha kuelea ambacho namba yake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari, ilisoma 1.102. Wiki ya kwanza ndoo ilikuwa hai kweli: ukitega sikio kwenye mfuniko unasikia vipovu vikipasuka kama mvua nyepesi juu ya majani. Siku ya tano ikaanza kunuka yai viza, nikashtuka, halafu harufu ikapotea yenyewe. Siku ya 18 nikapima: 1.050. Leo nimepima tena, ni 1.050 ileile. Ukionja, utamu umezidi, ukali unausikia kwa mbali tu. Ndoo iko sakafuni na usiku chumba hushuka hadi nyuzi 14.

Rafiki yangu anasema niukeneke, yaani niuchemshe nikusanye mvuke wake, nipate pombe kali, angalau asali isiende bure. Mimi nilitaka mvinyo. Asali hii ni ya mzinga wangu wa kwanza, nimeivuna kwa mikono yangu, ndiyo maana roho inaniuma.

Povu_Jepesi:
Tia zabibu kavu mkuu, kiganja kimoja. Hamira itapata chakula.

Mashapo:
Zabibu kavu hazitoshi. Nitrojeni yake ni kidogo mno kwa lita 10, utaambulia ladha ya zabibu basi.

Mzinga_Mmoja, ugonjwa umeshautaja mwenyewe: lile yai viza. Hamira yenye njaa ya nitrojeni ndiyo hunuka hivyo. Asali imejaa sukari, lakini nitrojeni karibu haimo. Juu ya njaa umeiongezea baridi ya sakafu, ikalala. Ila hujapoteza kitu: 1.102 toa 1.050, zidisha kwa 131.25, tayari una kileo cha karibu asilimia 6.8.

Kwanza pandisha ndoo juu ya meza, ifunike blanketi, ifike nyuzi 20 hivi. Koroga taratibu gesi itoke, maana ukitia kitu ghafla povu litamwagika hadi sakafuni. Kisha chemsha kijiko cha hamira ya mikate kwenye maji kidogo kwa dakika kumi. Hiyo iliyokufa ndiyo chakula cha iliyo hai. Ikipoa, mimina.

Sasa hamira mpya, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wananyunyiza kavu juu ya kileo, inakufa palepale. Chukua pakiti mbili za gramu 5 za EC-1118, ambayo ni hamira ya mvinyo, loweka kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40 kwa robo saa. Ongeza nusu kikombe cha mvinyo wako. Subiri uone povu, ongeza kikombe kizima, subiri tena. Endelea hivyo hadi upate lita moja inayochemka yenyewe, ndipo uimimine yote kwenye ndoo. Itakuchukua siku nzima, na usiikatishe.

Kuhusu kukeneka, nakusihi usifanye. Nchi nyingi huruhusu mvinyo wa nyumbani lakini kukeneka bila leseni ni kosa. New Zealand ni kati ya chache zilizofungua mlango, mwaka 1996. Watu huogopa methanoli, ile pombe yenye sumu, ambayo hutoka hasa kwenye pektini ya matunda (kile kinachogandisha jemu) na asali haina ya kutisha. Kinachosahaulika ni moto. Niliwahi kuona kiungo cha bomba kikivuja mvuke jikoni kwa mtu, mwali wa bluu ukapita juu ya meza kabla hatujaelewa nini kimetokea. Hakuna aliyeungua, lakini mimi sijasogelea mtambo tena.

Mzinga_Mmoja:
Wiki tatu baadaye, narudi kushukuru. Ilinichukua kuanzia asubuhi hadi saa tatu usiku, kikombe kwa kikombe. Kesho yake nikatega sikio: mvua imerudi! Leo inasoma 1.012. Utamu umebaki kiasi, na harufu ya maua ambayo niliisikia siku ya kuvuna sasa naisikia ndani ya glasi. Naweza kutia kwenye chupa?

Mashapo:
Hongera sana mkuu. Chupa bado. Uhamishie kwenye mtungi, uache mashapo chini, upime tena baada ya wiki mbili. Ikisoma 1.012 ileile na mvinyo umetulia ukawa mwangavu, rudi tuzungumze namna ya kuziba. Ukifunga wakati hamira bado inakula, gesi itapasua chupa.